Tangazo la Kughushi

Walikutana Mtaa wa Sinaa, Baghdad, kwenye vibanda vya kompyuta, wote wawili wakiivuta diski ileile ya mwisho. Rusul alivaa hijabu ya kijani na raba nyeupe. Miwani ya Anmar ilikuwa imefungwa kwa waya.

"Chukua wewe," Anmar alisema, "ila nipe namba, niwe naijulia hali."

"Diski haina simu."

"Basi nitakujulia wewe."

Miezi minne wakaitana "mboni ya jicho langu" kwenye simu, na kila mmoja akimficha mwenzake jambo moja. Rusul, ambaye kaka yake aliuawa na bomu sokoni, aliwasaka wanaosambaza propaganda ya magaidi mtandaoni, akawaanika sura. Anmar naye alijipenyeza kwenye chaneli ya magaidi haohao, akighushi matangazo yao mpaka wafuasi wasijue waamini lipi. Alighushi vizuri mno, na hilo ndilo lililomponza.

Asubuhi moja Rusul alifuatilia tangazo lililojisifia bomu jipya, likamfikisha kwenye kompyuta ya Anmar. Mapenzi yakageuka shubiri. Hakumuuliza, akabandika picha ya Anmar mtandaoni kwamba ni gaidi. Kabla ya adhuhuri wanaume wa mtaani walivunja mlango, wakamburuta Anmar barabarani, wakamkanyaga mbavu na kumponda vidole kwa nondo, kimoja kimoja, mama yake akiwasihi.

Alasiri magaidi wenyewe wakatangaza kwamba bomu lile halikuwapo, na mghushi aliyewaingilia auawe. Rusul alisoma, akajua mghushi huyo ni Anmar, akaifuta picha.

Siku ya tatu alikwenda hospitali kumwona Anmar, pamoja na baba yake, Mzee Kadhim. Mama Anmar akawawekea chai wageni na mwanawe. Mzee hakuigusa, kwao mwenye ombi hanywi mpaka akubaliwe. Akamwombea binti yake msamaha.

"Kila siku unapiga kuniuliza nimekula nini," Anmar alimwambia Rusul. "Siku hiyo moja ukashindwa?"

Rusul akalia. Anmar akazitazama bandeji zake.

"Nimemsamehe. Kunywa chai, ami. Ila mimi yangu sinywi. Namtaka Rusul awe mke wangu."

"Wanakutafuta wakuue," Mzee alisema. "Nimeshazika mtoto mmoja."

Rusul akaichukua chai ya Anmar, akaipuliza, akamwekea mdomoni, maana vidole vya kuishikia hakuwa navyo tena.

"Kunywa," alisema. "Nimekubali mimi."

Anmar akanywa. Mzee Kadhim akamtazama binti yake, kisha akainywa yake, ikiwa imeshapoa.