Mafuta Ndani ya Kontena

Haya yalimpata rafiki yangu Josephina, mlinzi wa kampuni moja pale Bigwa. Wakati wa masika, unyevu wa milima ya Uluguru huleta kutu upesi, kwa hiyo alitumwa kusafisha bunduki nne zilizowekwa ndani ya kontena.

Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuipaka mafuta bunduki ya kwanza, upepo ukaubamiza mlango na komeo la nje likajifunga. Giza likawa totoro. Aligonga na kupiga kelele, lakini mvua ilinguruma juu ya bati, hakuna aliyemsikia.

Mvua ilipopungua, akasikia nyuma yake ufito wa kusafishia ukipita ndani ya mtutu, ukiingia na kutoka polepole. Ufito wa pekee alikuwa ameushika yeye.

"Nani?"

Sauti ilinyamaza. Kisha ikaendelea, karibu zaidi.

Alijibana mlangoni akisali, hadi msimamizi wake, Mzee Halidi, alipofungua.

"Pole, mwanangu. Lakini umejitahidi, tatu tayari zinang'aa!"

"Mzee, mimi nimesafisha moja tu."

Mzee Halidi aliinamisha macho. Alikuwa anaitazama bunduki ya nne. Ilikuwa imelazwa miguuni pa Josephina, imepakwa mafuta nusu.