Niliwafukuzia Kilomita Thelathini

Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya mwanamke mwingine...

Anamfunga kamba za viatu!

Mbele za watu. Asubuhi kweupe. Kwenye mstari wa kuanzia marathoni, na mimi mke wake wa ndoa nimesimama nyuma yao, namba yangu imebandikwa kifuani.

Jamani, someni taratibu.

Huyu mwanaume viatu vyake mwenyewe huvikanyaga visigino ili asiiname kuvifunga. Leo kainama! Na anafunga kwa upole, fundo mara mbili, halafu anainua uso na kumtabasamia yule mama.

Alfajiri ile ile aliniaga kwamba anawahi tanuri. Baba Mapacha ni mwoka mikate.

"Utanisamehe sitakuja kukushangilia, Mama Mapacha. Oda ni nyingi."

"Usijali mume wangu. Mikate kwanza."

Mikate!

Ngoja niwape stori kidogo mnielewe. Mimi ni fundi cherehani. Mbio nilianza baada ya kujifungua mapacha, natafuta kiuno changu kilipokimbilia. Kiuno sikukipata, lakini mbio zikanikolea. Nikawa na ndoto moja tu ya kipuuzi: kumaliza marathoni chini ya saa nne.

Mwaka jana nilikosa. Nilikwenda vizuri mpaka kibao cha kilomita thelathini, hapo nguvu zikakata. Nikabaki peke yangu barabarani, natembea huku nalia. Nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu:

"Ningekuwa na mtu wa kunivuta pale mwisho, ningepata."

Yeye akaguna tu, akaendelea kula.

Sasa tangu hapo mambo yakaanza. Tumbo likapungua. Mwokaji wa mikate, tumbo lipungue bila kuumwa? Akawa anarudi jioni ananukia sabuni ambayo si ya kwetu. Simu inalazwa kifudifudi. Nikimuuliza, "Umechelewa wapi?" ananijibu, "Tanuri lilisumbua." Tanuri gani linasumbua kila siku na fundi haitwi?

Nilinyamaza. Lakini roho ilikuwa inachemka, jamani. Nikikata kitambaa nawaza. Nikikimbia nawaza. Mpaka sindano ilinichoma kidole nikamlaumu yeye.

Na sasa ndiyo huyu, kapiga magoti.

Kilichonimaliza ni kwamba walikuwa wamevaa sare! Fulana mbili, rangi ya chungwa, ile inayoumiza macho. Tangu uchumba mimi ndiye namshonea huyu mwanaume kila kitu, mpaka aproni ya kazini. Leo kavaa fulana iliyokatwa na mkono wa mtu mwingine. Na mabega yenyewe yamekaa vibaya!

Yule mwanamke sikumjua jina. Nikampa jina hapo hapo: Chungwa.

Nusura niwavae. Mguu nilishauinua. Lakini nikajiambia, tulia. Ukiwavaa sasa watasema ni mambo ya mazoezi tu. Wafuate, uone mwisho wao.

Filimbi ikalia.

Watu wakamwagika barabarani. Mimi nikashusha kofia mpaka kwenye nyusi, nikajificha nyuma ya jamaa mmoja mpana kama kabati. Macho yangu kwenye yale machungwa mawili.

Mkimbiaji yeyote atawaambia, mwanzoni unatunza nguvu, unaangalia saa ya mkononi, unapanga pumzi. Mimi sikuangalia chochote. Wakiongeza, naongeza. Wakipunguza, napunguza. Saa yangu ilikuwa ni mgongo wa mume wangu.

Na huo mgongo haukutulia! Kila baada ya muda kidogo anageuka, anaangaza nyuma, anarefusha shingo. Nikawa nacheka kwa hasira. Unamtafuta nani? Unaogopa kufumaniwa? Ogopa tu!

Wakifika kwenye meza ya maji, Baba Mapacha anachukua chupa mbili. Anafungua moja, anampa Chungwa. Anafungua! Mimi nyumbani chupa ya mafuta ya kula nafungua kwa meno. Na huyo Chungwa mkono wa kulia kauweka kifuani safari nzima, kama bibi harusi aliyeshika maua. Madaha gani haya kwenye marathoni?

"Dada, uko sawa?" mkimbiaji mmoja akaniuliza.

"Niko sawa."

"Unaongea peke yako."

"Naomba dua," nikamjibu. Akaongeza mwendo akanikimbia.

Kwenye kibao cha ishirini na tano wale wawili wakafanya kitu cha ajabu. Wakapunguza mwendo, wakaenda pembeni karibu kusimama, wote wawili wanaangalia nyuma. Nikajibana nyuma ya kabati langu, nikapunguza na mimi. Chungwa akatikisa kichwa. Mume wangu akashika kiuno, sura imemshuka. Kisha wakaendelea.

Nikasema haya, wamegombana. Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Furaha haikudumu. Mbele kidogo Chungwa akamwegemea, akamwambia kitu sikioni, akampiga piga begani kwa ule mkono mmoja. Mume wangu akacheka!

Hapo ndipo kitu kikakatika.

Nilichomoka nyuma ya yule jamaa kama nimechomwa mwiba. Sikusikia miguu wala mapafu. Kibao cha kilomita thelathini, pale nilipofia mwaka jana, nilikipita bila hata kukiona. Nikawafikia. Nikaenda sambamba na mume wangu, bega kwa bega.

"Baba Mapacha! Mikate imeiva?"

Akageuka. Nilitegemea ashtuke, atetemeke, aanze kujitetea. Uso wake ukang'aa, jamani! Akafurahi! Nikaona hii sasa ni dharau.

"Mama Mapacha! Uko hapa? Tulidhani umeshatupita! Tumekutafuta..."

"TUMEKUTAFUTA? Wewe na nani?"

"Subiri, mke wangu, nikueleze..."

"Nisubiri nini? Nimshikie na mkoba?"

Nikatimua mbio.

Nikamsikia nyuma yangu, miguu inapiga lami paa paa paa.

"Usiende hivyo! Utajimaliza! Ngoja twende wote!"

Kadiri alivyoniita ndivyo nilivyoongeza. Nilitaka nimwache mbali, aone mwanamke aliyemdharau ana miguu ya namna gani. Alinifukuzia kipande kirefu. Pumzi zake nilizisikia zinakwaruza. Halafu zikapotea.

Barabara ile ilikuwa inakwenda mpaka kwenye mzunguko, unazunguka, unarudi upande wa pili. Kwa hiyo nilipogeuka nikawa naona wote walioko nyuma yangu wanakuja.

Nikamwona.

Alikuwa amekaa chini ukingoni mwa barabara. Mguu mmoja kaunyoosha. Mkono mmoja uko kifuani, mwingine kauinua juu, ameunyoosha kwangu.

"Mama Mapacha!"

Nilimwona vizuri. Siwadanganyi. Kati yetu ilikuwa ni utepe tu, ule wa kutenganisha wanaokwenda na wanaorudi.

Nikajiambia anaigiza. Anataka nimwonee huruma, nisimame, yaishe pale pale. Nikaangalia mbele.

Nikapita.

Kilomita zilizobaki sizikumbuki. Nakumbuka saa kubwa ya kwenye mstari wa mwisho, namba ya mwanzo bado ni tatu! Watu wanapiga kelele. Nikavuka. Nikavishwa medali. Mwaka mzima nilikuwa nawaza nitalia siku hiyo, lakini machozi hayakutoka hata moja.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye alikuwa amenishikia begi. Akanirukia.

"Wifi umepata! Umepata! Yuko wapi kaka?"

"Kaka yako kamuulize hawara yake."

"Hawara?"

"Usijifanye! Yule wa fulana ya chungwa!"

Wifi akaniachia. Akanitazama kama mtu aliyeniona leo kwa mara ya kwanza.

"Wifi... yule ni kocha."

"Kocha wa nini?"

"Wa kaka! Mwaka mzima, kila akitoka tanuri, anakwenda uwanjani kwake. Anaoga huko huko usije ukajua. Wewe si ulisema hukuwa na mtu wa kukuvuta mwisho? Basi aliamua kujifunza kukimbia akuvute yeye. Walipanga wakusubiri kwenye kibao cha ishirini na tano, wakutokee ghafla!"

Nikaivua kofia.

"Na zile fulana?"

"Nimekata mimi! Si ulinifundisha mwenyewe? Tulichagua rangi kali ili ukichoka uwaone kwa mbali uwafuate."

"Na kumfunga viatu?"

"Kocha kateguka kifundo cha mkono juzi, kimefungwa bandeji. Afunge na nini, meno?"

Nikageuka kuangalia barabara niliyotokea.

"Sasa kaka yuko wapi?" wifi akauliza tena. Safari hii taratibu.

Kabla sijajibu simu yake ikaita. Alikuwa kocha. Wifi alisikiliza, akaacha begi langu likaanguka chini, akakimbia.

Kwenye hema la huduma ya kwanza, Baba Mapacha alikuwa amelazwa kwenye mkeka, dripu mkononi, midomo imempauka. Daktari akasema maji yamemwishia mwilini na mapigo ya moyo yalikwenda ovyo. Akasema atapona, ila angeachwa pale barabarani muda zaidi tungekuwa tunaongea mengine. Kuna mkimbiaji mmoja, mtu hata hatumjui, aliacha mbio zake akasaidiana na kocha kumbeba.

Mtu tusiyemjua alisimama.

Kocha alikuwa anamkanda mguu kwa ule mkono wake mzima. Na hapo, jamani, ukweli wote nikiwa nao, mume wangu amelala hajiwezi, bado kitu kilinichoma kifuani kuona vile vidole kwenye mguu wake. Bado! Ndipo nikajijua nina ugonjwa.

"Kocha, naomba nimkande mimi."

Akanipisha. Hakunilaumu hata kwa jicho. Afadhali angenilaumu.

Mume wangu akafumbua macho.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Chini ya nne?"

"Chini ya nne."

Akatabasamu mpaka meno. Akamgeukia wifi, "Umeona? Nilisema atapata," kama vile yeye ndiye aliyevishwa medali.

Ningenyamaza hapo. Lakini ile picha ilikuwa inanizunguka kichwani, ule mkono ulioinuliwa. Nikamwinamia.

"Mume wangu... pale uliponinyooshea mkono."

"Mm."

"Ulikuwa unaniambia niende, si ndiyo? Nisipoteze muda?"

Nilimwomba kwa macho aseme ndiyo. Kidogo tu, hata kwa uongo.

Akatikisa kichwa. Huyu mtu alinidanganya mwaka mzima kwa ajili yangu, lakini hapo uongo ulimshinda.

"Hapana, mke wangu. Nilikuwa nakuita usimame. Moyo ulikuwa unakwenda vibaya, niliogopa nakufa. Nilitaka uwe karibu."

Nikaendelea kumkanda. Hakuna kingine nilichoweza kufanya.

Tupo nyumbani sasa. Amerudi kazini, ananitania kama zamani, na chai yake ya jioni ananisubiri tunywe wote. Kosa hajalitaja tena. Wifi ndiye hanisemeshi mpaka leo, na sina la kumlaumu.

Dada zangu, kaka zangu, mnaoishi kwa kupekua simu na kunusa mashati... ulizeni. Mimi nilikuwa hatua chache nyuma yao, watu wote wapo, mdomo ninao. "Huyu ni nani?" Maneno matatu tu! Ningejibiwa hapo hapo, tungekimbia watatu, pengine ningepata huo huo muda. Lakini nilikuwa sitaki jibu. Nilitaka nionekane nina haki, na wivu ukaniambia ninayo.

Klabu yetu ya mbio wamebandika picha yangu nikivuka mstari, hongera ni nyingi mno. Kila mtu ananiuliza siri, nilifanyaje mpaka nikashuka chini ya saa nne.

Nawaambia ni mazoezi. Nyinyi ndio wa kwanza kuwaambia ukweli.