Shairi Lisilo na Mwenyewe

Kwanza ulikuwa mguu mmoja.

Usiku ulikuwa umekwenda sana, kijiji chote cha Kabati kimya, hata mbwa. Kalondu akausikia ukikanyaga nyuma ya nyumba: tu. Kisha kitu kikiburutwa mchangani, taratibu. Kisha tena: tu. Akamvuta Ndolo, mtoto wake ambaye hata kukaa alikuwa bado hajajua, akamlaza katikati ya kitanda.

"Baba Ndolo. Baba Ndolo, amka."

"Ni punda wa Mbuvi," mumewe alinong'ona, macho bado yamefungwa.

"Punda wa mguu mmoja?"

"Kwa vile namjua Mbuvi, hiyo mingine ameshaiuza. Lala."

Alitaka kucheka, akashindwa, kwa sababu jioni ile ile wao wawili walikuwa wamezungumza juu ya mguu.

Mumewe, Mwalimu Nzomo, alifundisha Kiswahili shule ya upili. Rafiki yake wa chuo, Mwangangi, alikuwa amepata kazi Nairobi katika ofisi iliyounganishwa na mtandao, kitu ambacho mwaka huo wa tisini na nane watu wa Kitui walikisikia redioni tu. Mwangangi aliandika swali kwenye kompyuta, "Nani yuko nyumbani?", na ile mashine ikamletea maneno ya watu wa dunia nzima, wenye maduka, waliopoteza vitu, watu wasiojuana. Akachukua mstari hapa, mstari pale, akautia Kiswahili, akaunganisha bila kuongeza neno lake hata moja. Akamtumia Nzomo kwa posta: hili nalo ni shairi, lichambue kama wewe ni mwanamume.

Nzomo akalichambua. Kila jioni mstari mmoja, baada ya chakula, taa katikati ya meza. Na Kalondu, aliyepata alama nzuri ya Kiswahili kidato cha nne na tangu hapo hakuwa na wa kumwonyesha ila sufuria, akavuta kiti.

"Swali la kwanza siku zote ni hili," Nzomo alisema. "Nani anasema? Shairi haliwezi kukosa mtu ndani."

Mstari wa kwanza: *Mguu wa kushoto upo, wa kulia bado unatafutwa.*

"Ni kiwete," alisema Nzomo.

"Mwanamke," akaongeza Kalondu. "Mwanamume angetuambia pia vita alivyopigana."

Wakacheka. Mwanamke anayechechemea. Ilikaa vizuri. Na usiku ule ndio akausikia mguu.

Jioni ya pili: *Harufu ya maziwa yaliyochacha huondolewa kwa magadi.* Kalondu alijibu upesi, jibu likamtoka kama lililokuwa likingoja. "Ni mama. Maziwa yamemchachia kifuani. Mtoto wake hayupo."

Nzomo akapiga meza kwa furaha. "Kesho uende darasani wewe, mimi nibaki nipike."

"Utatuua na njaa."

Usiku harufu ikaingia. Kalondu alinusa kibuyu, akanusa nepi, akanusa kifua chake mwenyewe, haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya uchachu, ilining'inia upande wa jikoni, na Ndolo alikuwa macho gizani, hakulia, amegeuza kichwa huko huko, midomo yake midogo ikifyonza hewa kama anayenyonya.

"Tuache hili shairi," alisema asubuhi.

"Kwa sababu ya kibuyu kichafu?" Nzomo alisema, akavaa koti lake.

Aliendelea peke yake. Jumamosi jioni alisoma kwa sauti, Kalondu akiwa ameziba masikio na bado akisikia: *Tumehama, tumieni mlango wa nyuma.* "Sasa amepata njia," Nzomo alisema kwa kuridhika, akaandika pembeni.

Usiku huo Kalondu aliamka kwa sababu mkono wake ulikuwa umelala mahali palipo baridi, akapapasa shuka, akapapasa ukuta, akapapasa kifua cha mumewe, mtoto hayupo, akashuka bila viatu, akafuata ile harufu iliyokuwa sasa nzito hadi anaweza kuimeza, na huko jikoni mlango wa nyuma ulikuwa wazi, mbalamwezi imeanguka sakafuni, na Ndolo amelazwa hapo kizingitini, amefungwa leso vizuri, kwa namna ambayo Kalondu hajawahi kumfunga, kichwa ndani na miguu nje, anatabasamu, na midomoni mwake kuna maziwa.

Kilio chake kilimwamsha hata jirani yao Mbuvi.

Jumapili mchana Nzomo alimleta nyanya yake, susu kwa Kikamba, kutoka Migwani. Susu Mbula alikuwa akiagua watu kabla hajaokoka.

"Nimeokoka mimi," alisema akivuta ugoro, "lakini masikio yangu hayajaokoka. Someni."

Nzomo akasoma lote, hata mistari miwili ambayo hawakuwa wameichambua. Kisha akaanza, "Sasa, Susu, tunajiuliza ni nani..."

"Nyamaza! Usimuulize tena!" Kikongwe alimpiga mkononi. "Maneno ya watu wasiojuana, yameokotwa, yamesimamishwa pamoja, hayana mwenyewe. Hiyo ni nyumba tupu. Nayo nyumba tupu, mwalimu, hukaliwa. Amekuja na hana chochote. Mmempa mguu. Mmempa maziwa. Jana mmempa mlango. Umebaki mkono wa kubebea, sivyo?"

Kalondu alimkaza mtoto. "Tufanye nini, Susu?"

"Mvueni, mwiitu wakwa, binti yangu. Mlimvisha kwa mdomo, mvueni kwa mdomo. Kila neno lirudi kwa mwenyewe."

Jua lilipozama wakakaa mezani watatu, mtoto mapajani mwa mama. Kule jikoni: tu. Mchanga ukaburutwa, sasa juu ya saruji.

"Mguu," Nzomo alianza. "Hili ni... hili ni duka la viatu. Mteja anangojea cha kulia. Ni maneno ya muuza viatu."

Mburuto ukakoma.

"Magadi ni ya mtu anayefundisha kuosha vyombo. Mlango wa nyuma ni wa duka lililohama." Kila aliposema harufu ilipungua, mwali wa taa ukatulia. "*Ukurasa huu haupo.* Hayo ni ya mashine yenyewe."

Ukabaki mmoja. Nzomo akaufungulia mdomo, lakini si yeye aliyeusema. Ulisemwa nyuma ya kiti cha Kalondu, kwa upole, karibu na sikio, kama jirani mwema:

*Nipe nimbebe kidogo, umechoka.*

"Ni ya nani?" Susu alinong'ona. "Sema haraka!"

"Sijui," Nzomo alisema, akilia. "Sijui yalitoka wapi, Susu, wallahi sijui."

Na Kalondu akahisi uzito wa mtoto ukipungua mikononi mwake, si kwamba ameachilia, amemshika kwa nguvu zake zote, ila upande wa pili kuna anayemwinua, pole pole, kama mtu aliyezoea, na Ndolo anacheka, anamnyooshea huyo vidole, na ndipo kitu kikapasuka ndani ya mama akapiga kelele:

"Ni yangu! Hayo maneno ni yangu! Hapa mama ni mimi, mimi ndiye ninayesema nipe nimbebe! Nipe!"

Mtoto akamwangukia mapajani kwa uzito wake wote, akalia kilio kikubwa, kizuri, cha njaa. Mlango wa nyuma ukajigonga. Hewa ikanuka mafuta ya taa tu.

Susu alichoma karatasi. "Sasa sikieni. Msisimulie. Atakayesikia atauliza ni nani, na huyo anangojea kuulizwa tu. Nanyi mkimtaja, ataanza hapa, njia anaijua." Akaenda kulala.

Nzomo hakuinuka.

"Mama Ndolo. Ijumaa niliwaandikia kidato cha tatu shairi lote ubaoni. Wakalinakili. Niliwapa swali moja tu, wajibu nyumbani."

Kalondu hakumuuliza ni swali gani. Ng'ambo ya ua, kwa Mbuvi, taa ilikuwa inawaka. Mbinya, binti yake wa kidato cha tatu, alikuwa akisoma kwa sauti, na mara moja moja alinyamaza kumbembeleza mdogo wake wa kunyonya.

"Twende tuwaambie," Nzomo alisema. "Hata huyo mmoja tu."

Kalondu alimtazama Ndolo. Alikuwa ananyonya, amefumba macho, ngumi ndogo imeshika nguo yake.

"Keti," alisema.

"Kalondu..."

"Keti, Baba Ndolo. Weka mkono hapa juu ya mtoto uape."

Nzomo akaweka mkono. Kule ng'ambo Mbinya alisoma mstari wa kwanza, akasita, akauliza swali.

"Sitamwambia mtu," Nzomo alisema.

"Mimi pia," alisema Kalondu, akaenda kufunga dirisha. "Sitamwambia mtu yeyote."