Mluzi Chini ya Sakafu

Haya yalimkuta rafiki yangu Gyeong-ran, naye si mtu wa porojo. Ilikuwa majira ya baridi, wageni wameshakimbia kisiwa cha Jeju, kule Korea, akawa anatembea njia ya pwani na mumewe Chang-guk na mama mkwe wake, ambaye ujanani alikuwa mzamiaji wa kombe. Katikati ya ukungu ukaja mluzi mwembamba kutoka baharini, ule wanaoutoa wanawake wazamiaji wanapoibuka na kushusha pumzi.

Chang-guk, kwa mzaha wake, akaujibu kwa mluzi wake.

Mama yake akamzaba kofi la mdomo. "Una wazimu wewe? Mluzi huo huitikiwa na mwenzake aliye majini tu; ukiitikia, umekuwa wa majini!"

"Mama naye! Natania tu."

Walipofika walikopanga, mwenye nyumba ya wageni alipoambiwa habari za mluzi, alishangaa. "Wazamiaji gani, dada? Bahari imechafuka tangu juzi, hakuna aliyeingia."

Mama mkwe hakugusa chakula. Gyeong-ran na mumewe wakajinyoosha kwenye sakafu iliyopashwa moto kwa chini, na Chang-guk akapitiwa na usingizi. Giza lilipoanza kuingia, Gyeong-ran akausikia tena mluzi uleule, mrefu, chini ya sakafu, pale pale kilipolala kichwa cha mumewe.

"Baba Ha-neul, amka!" akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

Hakuamka. Kifua chake hakikupanda wala kushuka, na mashavu yalimvimba kwa pumzi aliyoibana. Nywele zake zilikuwa zikiyumba polepole juu ya mto, huku na huku, kama mwani.