Ubani Ndani ya Silinda

Bastola hainukii ubani. Hunuka mafuta na baruti, basi. Lakini Nasreen alipoifungua ile ya Bwana Husni, mchana kweupe, ukumbini mwa nyumba yake Lamu mjini, harufu iliyompanda puani ilikuwa ya harusi.

"Silinda inakwama," alisema Bwana Husni. "Na kesho kutwa nakaguliwa leseni. Baba aliniachia silaha, hakuniachia pambo."

Nasreen, fundi wa silaha aliyevuka kutoka Mokowe asubuhi hiyo, alizitoa risasi zote sita akazitia bakulini. Akaizungusha silinda kwa kidole gumba. Ikasogea kidogo, ikagoma. Hapakuwa na kutu wala kilichopinda. Ila kwa nyuma, silinda inapokutana na fremu, palikuwa na utando wa kahawia, mgumu kama gundi iliyokauka. Akaukwaruza, akaunusa.

"Ni moshi wa ubani umegandiana. Wa miaka na miaka huu. Nani anaifukiza bastola?"

"Ni mimi."

Bi Rumaisa, mke wa mwenye nyumba, alikuwa amesimama mlangoni, chetezo cha kufukizia mkononi.

"Iwate vivyo hivyo, mwanangu. Usiiguse."

Bwana Husni akaangua kicheko. "Wamsikia? Nguo zimemwishia, sasa afukiza chuma!"

Nasreen alikereka, na akamkasirikia asiyestahili. Alichoshwa na watu wanaosingizia majini kila kinachoharibika. "Bi Rumaisa, hii ni mashine. Haina pepo, ina uchafu."

"Huniulizi kwa nini?"

Hakumwuliza. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwuliza. Nasreen alichovya mswaki katika mafuta ya taa, akasugua mpaka kitambaa kikatoka cheusi. Silinda ikazunguka, chik, chik, chik, laini kama tasbihi. Bwana Husni akampongeza, kisha akaenda msikitini kuswali alasiri.

Nasreen akaiweka bastola mezani. Silinda haikusimama.

Iliendelea kuzunguka polepole, hakuna aliyeigusa. Mtutu uliokuwa umeelekea dirishani sasa ulimwelekea Bi Rumaisa. Bi Rumaisa alisogea hatua mbili kushoto, na bastola nayo ikajiburura juu ya meza, ikichora mstari kwenye mbao, ikamfuata, na aliporudi kulia ikarudi naye, na harufu ya ubani ikafa pale pale na mahali pake ikaja nyingine, ya damu ya zamani iliyofungiwa ndani ya kitambaa chenye unyevu.

"A'udhu billahi," alinong'ona Nasreen. "Ni nini hii?"

"Sasa waniuliza." Sauti ya Bi Rumaisa haikupanda. "Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa niliikuta imegeuka ndani ya kasha, yanitazama. Niliitupa baharini. Asubuhi ilikuwa kashani, imelowa. Walimu wa chuoni waliisomea Kurani, kilichomo hakikutoka. Ubani ndio huishika ukishaganda, nikiifukiza kila alasiri. Miaka ishirini na sita sijalala nje ya nyumba hii. Binti yangu alijifungua kule kisiwani Ndau, sikwenda. Mamangu alizikwa Matondoni, sikwenda."

"Mumeo hukumwambia?"

"Nilimwambia. Alicheka kama ulivyomwona."

Nasreen alinyoosha mkono achukue lile bakuli la risasi alifiche, amtupie hata jirani huko nje, popote, lakini bakuli lilikuwa jepesi, na alipoliinamisha halikutoa mlio, kwa sababu ndani yake hamkuwa na kitu, na alipoitazama silinda aliona vitako sita vya shaba vya risasi vimejipanga katika matundu aliyoyasafisha kwa mkono wake mwenyewe, na nyundo ya bastola ilikuwa imeanza kuinuka.

Akairukia. Akaikandamiza silinda kwa kidole gumba kwa nguvu zake zote, akaielekeza ukutani. Nyundo ikasita. Chini ya kidole chuma kilikuwa cha moto, kikisukuma, kikipumzika, kikisukuma tena.

"Washa makaa, Bi Rumaisa! Fukiza!"

Bi Rumaisa alikwisha kuwasha. Alipiga magoti, akatia ubani, akausogeza moshi taratibu kwenye mkono wa Nasreen, akilia bila sauti.

"Niambie ubani ukiishika, niiachie. Utando ule uliganda baada ya muda gani?"

Bi Rumaisa akapuliza makaa kwanza.

"Siku arubaini," alisema. "Usikitoe kidole, mwanangu."