Lukresia na Damu ya Jumapili

Lukresia wa Kifanya hubeba mbao kichwani kutoka msituni hadi barabarani. Kwa hiyo damu ilipoanza kumtoka bila mpangilio, sababu alikuwa nayo tayari: mbao. Ukimwambia vingine, anakucheka. Mumewe, Ebeneza, alichoka kubishana, akampeleka kliniki Makambako.

"Kamwene, nesi. Ni uzito wa mbao tu," Lukresia alimwambia nesi Zita.

"Kamwene, mama. Jumapili unabeba?"

"Jumapili tuko kanisani."

"Na damu?"

Lukresia akahesabu siku kwa vidole. Jumapili pia ilimtoka, hasa baada ya kukutana na mumewe. Hapo hofu ikamshika. Watoto wake walikuwa bado wadogo.

Zita alimpima mlango wa kizazi, akachukua kinyama kidogo cha kupeleka maabara. Majibu yalipokuja, alimwita.

"Mlango wa kizazi umeanza kuharibika, mama. Bado si saratani. Lakini tukiacha, inaweza kuwa."

"Imeanzaje? Kuuliza si ujinga."

"Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Ndani ya chembe kuna maagizo ya kazi, yanaitwa jeni. Na kuna protini zinazosimamia maagizo hayo. Nyingine zinaruhusu chembe iongezeke, nyingine zinaizuia."

"Kama nyapara wetu msituni."

"Ndiyo. Sasa kuna kirusi, HPV. Tunaambukizana kwa kujamiiana. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kikikaa miaka mingi, kinatengeneza protini zake, na hizo zinaharibu zile zinazosema 'simama'."

Lukresia alikunja uso. "Sisi nyapara akiondoka, tunakaa chini. Hizo chembe mbona zinazidisha kazi?"

Zita alicheka sana. "Chembe hazichoki kama ninyi. Zisipozuiwa zinaongezeka tu, mpaka zinakuwa uvimbe."

Siku hiyo hiyo sehemu iliyoharibika ilitibiwa. Lukresia alipokuwa akiaga, Zita aliuliza, "Una binti?"

"Eveline, ana miaka kumi na miwili. Chanjo ya HPV shuleni nilimkataza. Watu walisema inafunga uzazi."

"Haifungi uzazi. Inamkinga na kirusi hiki."

Damu ilikoma. Lukresia alirudi kupimwa kama alivyoagizwa, akakutwa salama. Safari hiyo alimchukua Eveline. Njiani msichana alimtazama kwa mashaka.

"Mama, si ulisema chanjo ni mbaya?"

"Nilisema nisichokijua, mwanangu."

Walipoitwa ndani kwa chanjo, Lukresia mwenyewe ndiye aliyempandisha bintiye mkono wa sweta.