Mwalimu Aliniambia Mtihani Umeahirishwa

Nilisukuma mlango wa ukumbi nikiwa nimelowa chapachapa, matope hadi magotini...

Na mtu wa kwanza kumwona ndani, amekaa kwenye dawati, penseli mkononi, anafanya mtihani...

Alikuwa mwalimu wangu!

Yule yule aliyeniambia mtihani umeahirishwa!!

Ngojeni niwaeleze, maana hata mimi nilidhani naota.

Naitwa Bernadetha, huku Uru, juu ya mji wa Moshi, wananiita Mama Godlove. (Majina yote humu nimebadilisha, mtaona kwa nini.) Nina miaka arobaini na mbili, mume, watoto, ng'ombe na kihamba cha migomba na kahawa. Naimba alto kwaya ya parokia, na kinanda nimejifunza ukubwani.

Aliyenifundisha ni Mwalimu Wenseslaus, kiongozi wa kwaya yetu. Mzee wa heshima zake. Uru nzima inajua ndiye pekee huku mwenye cheti cha nadharia ya muziki daraja la nane.

Sasa shule moja ya wasichana hapa mlimani ikawa inatafuta mwalimu wa muziki. Sharti ni moja: uwe na cheti hicho hicho.

Jamani, daraja la nane siyo do re mi! Unapewa sauti ya besi peke yake, chini yake tarakimu, wewe ujaze sauti tatu za juu bila kugongana. Na kinanda hakuna. Yote uyasikie kichwani!

Mwalimu akakubali kunifundisha na hayo, nami nikasoma kama mwehu. Nakata majani ya ng'ombe huku naimba besi. Napika mtori, kichwani najaza tenori, mpaka mtori unashika chini. Mume wangu Basili akachukua kazi ya kukamua ili mimi nikae na vitabu.

"Mke wangu, huo mtihani si wa watoto?"

"Watoto wenyewe wanaukimbia."

Akacheka, akabeba ndoo.

Kunisajili, alinisajili Mwalimu kwa simu yake. Ujumbe wote wa mtihani unaingia kwake. Nikaona poa tu. Nani asiyemwamini Mwalimu Wense?

Wiki ya mtihani akaniita baada ya mazoezi.

"Mama Godlove, wamesogeza mbele. Mpaka Machi."

"Kwa watu wote?"

"Kwa wote."

Hakuniangalia. Alikuwa anakunja waya wa kinanda, anaukunja, anaukunjua, anaukunja tena.

Jumamosi nipo kihambani nachuma kahawa, simu ikaita. Mdogo wangu Doris, anapika kantini kwenye ukumbi mmoja mjini.

"Dada, uko wapi wewe?!"

"Nachuma kahawa."

"Kahawa?! Si mtihani wako wa muziki ni leo? Watu wameshaingia hapa!"

Sikumbuki hata kikapu nilikiacha wapi. Najikuta nipo juu ya bodaboda, mvua inapiga usoni, tunateremka kama jiwe.

"Mama, barabara inateleza!"

"We nenda tu, kaka! Nenda!"

Mlangoni nikakutana na msimamizi, dada mmoja wa mjini, Hajira.

"Dada, muda umeenda sana. Ingia, umesajiliwa. Lakini sikuongezei hata dakika moja."

Ndipo nikaingia. Ndipo nikamwona.

Mwalimu aliinua kichwa. Macho yakagongana... Akainama haraka kama mtoto aliyefumwa anadokoa nyama.

Nilikaa. Mistari ya nota inacheza kwenye karatasi. Nikaandika nilichoweza. Lile swali la besi, nililoimba miezi yote ile nikikata majani, ndiyo kwanza naligusa nikasikia:

"Wekeni penseli chini."

Kisha Hajira akaongeza, kwa upole kabisa:

"Na niwaambie mapema, mwakani Moshi hakutakuwa na kituo cha mtihani. Ni Dar tu."

Dar?! Mimi, na ng'ombe wangu na watoto?

Nilimkuta Mwalimu kwenye baraza, anaangalia mvua.

"Kwa nini, Mwalimu?"

Akakung'uta matone kwenye koti lake.

"Unaitaka ile nafasi ya shule?"

"Nafasi gani, mwanangu? Miaka yangu hii nani ataniajiri?"

"Sasa ni nini?!"

Akavua kofia, akaivaa tena.

"Sikutaka unikute humu ndani."

"Sijaelewa."

"Sina cheti. Sijawahi kuwa nacho. Huu mtihani nimeufeli mpaka nimeacha kuhesabu. Watu waliamua wenyewe kwamba ninacho... nikashindwa kuwakatalia. Ungeniona leo, ungejua."

Ningejua! Kwa hilo tu!

Matokeo yakatoka.

Mimi nilifeli. Kidogo tu. Pengo la lile swali la mwisho.

Mwalimu... alifaulu!

Ile shule ikachukua binti mmoja kutoka Arusha. Maskini, hana kosa lolote.

Mchana mmoja wa manyunyu namwaga pumba kwa ng'ombe, nikamwona Mwalimu anaingia uani.

"Shikamoo, Mwalimu." Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba."

Akatoa cheti ndani ya koti, akakishika kwa mikono miwili.

"Nimefaulu kwa sababu yako. Yale yaliyokuwa yananishinda miaka yote, nilikuwa nakesha nayo ili nisikosee mbele yako."

"Na mimi unaniletea cha nini?"

"Nimwonyeshe nani mwingine, Mama Godlove? Wote wanajua ninacho toka zamani."

Nilitaka kumtupia ile pumba. Nilitaka kupiga yowe majirani wajae, wasikie. Nikamwangalia, mzee wa watu, kashika kile kikaratasi kisije kikalowa.

"Hongera," nikasema.

Akasubiri kama kuna lingine. Halikuwepo.

Kwaya hawajui. Jumapili bado nasimama kwenye alto, naufuata mkono wake. Nyumbani majani nakata kimyakimya. Basili ameniuliza mbona siku hizi siimbi, nikamwambia koo.

Ndugu zangu, mimi nilijilinda na wenye wivu. Sikujua kuna mtu anaweza kukuzamisha na huku anakupenda, ilimradi tu usimwone alivyo. Kwa hiyo jambo lako lishike mwenyewe. Andika namba yako mwenyewe, uliza tarehe mwenyewe, hata kama anayekusaidia ni mtakatifu.

Na wewe unayeficha aibu yako, mwambie hata mtu mmoja. Mwalimu angeniambia, ningemcheka kidogo, yakaisha. Asubuhi ile tungeshuka mjini pamoja, tukakaa madawati jirani.

Na naamini tungefaulu wote wawili...